Kura zetu za mtandaoni zikae katika seva zetu

KUPANGA kikao cha watu wa nchi jirani mara nyingi huchosha kuliko kikao chenyewe. Saa nne asubuhi za Arusha ni saa tatu za Kigali, Bujumbura, Juba na Goma, na ni saa mbili tu za Kinshasa. Ijumaa mchana wajumbe wengi wa Mogadishu na Zanzibar wako msikitini. Jumamosi ya mwisho wa mwezi, asubuhi, Wanyarwanda wako kwenye umuganda. Katibu wa chama chenye wanachama katika nchi nne au tano anaweza kupiga simu wiki nzima asipate siku moja inayowafaa wote.

Ndiyo maana kura za mtandaoni zimependwa. Katibu anaandika tarehe tano, anatuma kiungo, kila mjumbe anaweka alama kwenye siku anazoweza, na jibu linaonekana lenyewe. Njia hiyo hiyo inaweza kutumika, na hutumika, kwa mambo mazito zaidi: mwenyekiti aendelee au aachie ngazi, malalamiko ya ushuru yapelekwe wapi, mgomo ufanyike au usifanyike.

Swali ambalo ni nadra kuulizwa ni hili: majibu hayo yanakaa wapi, na nani ana ufunguo? Kwa kawaida yanakaa katika seva za kampuni iliyo mbali, ambayo hakuna mwanachama anayeifahamu, chini ya masharti ambayo hakuna aliyeyasoma. Huduma ni ya bure kwa sababu mara nyingi hulipiwa na matangazo, na matangazo hulishwa na taarifa za watumiaji. Wengine huona afadhali kura ya ndani ya WhatsApp. Lakini hiyo kwa kawaida huonyesha jina la kila aliyepiga na alichochagua, na wanachama wa kundi wanaonana namba za simu.

Msimamo wa gazeti hili ni kwamba vyama na taasisi za eneo letu zinapaswa kuacha mazoea hayo na kuendesha kura zao katika seva zao wenyewe. Programu zipo, ni huria, na hazina ada. Kinachokosekana ni uamuzi, pamoja na nidhamu ya kuzitunza baada ya kuzisakinisha.

Orodha ya wanachama inaweza kuonekana kitu kidogo. Mahali pengine labda ni kidogo. Katika eneo hili si kidogo. Mpaka wa Gatuna kati ya Rwanda na Uganda ulifungwa Februari 2019 na haukufunguliwa hadi Januari 31, 2022. Januari 2024 Burundi ilifunga mipaka yake na Rwanda. Katika vipindi kama hivyo, mama muuza maharage na dereva wa lori hujikuta wakiulizwa maswali ambayo jana hayakuwepo: unamfahamu nani upande wa pili, mlikutana lini, mlizungumza nini? Ukurasa mmoja wenye majina ya watu wa pande zote mbili, siku walizokubaliana kukutana na jambo walilolipigia kura, una majibu yote matatu. Uliandikwa kwa nia njema wakati mpaka uko wazi. Ukisomwa mpaka ukiwa umefungwa, hubeba maana nyingine.

Tuna somo jingine la karibu. Mwaka 2018 dunia ilipozungumzia Cambridge Analytica, viongozi wa kampuni hiyo ya Uingereza walirekodiwa kwa siri wakijigamba kuhusika katika kampeni za uchaguzi wa Kenya za 2013 na 2017. Kilichosahaulika haraka ni mlango uliotumika kukusanya taarifa za Facebook katika kashfa hiyo: dodoso la mtandaoni. Watu wapatao 270,000 walilijibu kwa hiari, na kupitia kwao zikachukuliwa taarifa za marafiki zao. Facebook yenyewe ilikadiria kuwa walioguswa walifikia milioni 87. Maswali machache yaliyoonekana ya kupitisha muda yaligeuka kuwa mgodi.

Serikali zetu hazikulala. Kenya na Uganda zilitunga sheria za kulinda taarifa binafsi mwaka 2019, Rwanda mwaka 2021, Tanzania mwaka 2022, na Somalia mwaka 2023. Sheria ya Rwanda inataka taarifa binafsi zihifadhiwe ndani ya nchi, na anayetaka kuzihifadhi nje awe na cheti cha mamlaka husika. Kwa hiyo katibu anayekusanya majina ya wanachama wa nchi tano kupitia huduma ya mbali huenda anagusa sheria kadhaa kwa mpigo bila kujua.

Sasa tuangalie njia mbadala. Iliyotumika kwa muda mrefu ni Framadate, inayotunzwa na Framasoft, chama cha kiraia cha Ufaransa kinachotetea programu huria. Ilitokana na programu iliyoandikwa katika Chuo Kikuu cha Strasbourg, na imekuwa ikitoa huduma kwa umma tangu 2011. Haimdai mtu kufungua akaunti, si anayetengeneza kura wala anayepiga. Anayetengeneza hupata viungo viwili: kimoja cha kusambaza kwa wapiga kura, kingine cha siri cha kurekebisha na kufuta. Anaweza kuweka nywila, kuamua kama matokeo yaonekane kwa wote au kwake peke yake, na kupanga siku ya kura kufika mwisho. Kwa kuwa msimbo wake uko wazi, chama chochote kinaweza kuichukua na kuisimika katika seva yake bila kumwomba mtu ruhusa.

Kazi ya kuisimika haihitaji mtaalamu wa kuletwa kwa ndege. Inahitajika seva ndogo ya Linux, hata ya kukodi, yenye kumbukumbu ya gigabaiti moja au mbili. Juu yake huwekwa programu ya kuhudumia kurasa, yaani Apache au Nginx, pamoja na lugha ya PHP na hifadhidata ya MySQL au MariaDB. Chama kinasajili jina la tovuti, na kinapata cheti cha kusimba mawasiliano kutoka Let's Encrypt, ambacho hutolewa bure. Cheti hicho huisha baada ya muda mfupi, hivyo seva ipangwe tangu mwanzo kukihuisha yenyewe.

Kisha fundi anatengeneza hifadhidata tupu na mtumiaji wake mwenye nywila ngumu, anafungua faili za programu katika folda ya tovuti, na kuzipa ruhusa ya kuandika zile folda chache zinazohitaji. Anafungua ukurasa wa usakinishaji katika kivinjari, anajaza jina la huduma, barua pepe ya msimamizi na taarifa za hifadhidata, na programu inajitengenezea majedwali yake. Hatua ya mwisho ndiyo hupuuzwa zaidi: folda ya usimamizi ifungwe kwa nywila ya seva yenyewe. Ndani yake kuna orodha ya kura zote zilizowahi kutengenezwa. Fundi anayesahau hatua hii amejenga nyumba nzuri na kuacha mlango wa stoo wazi.

Mwanafunzi wa mwaka wa pili wa kompyuta katika chuo chochote cha Kampala, Bujumbura au Dar es Salaam anaweza kuimaliza kazi hiyo mchana mmoja. Kwa hiyo tusijidanganye kwamba tatizo letu ni utaalamu.

Lakini tusijidanganye pia kwamba kazi huisha hapo. Waswahili husema aijuaye siri ya mtungi ni kata. Programu inaweza kuwa na heshima kubwa kwa faragha, lakini kata inayoingia mtungini ni ya yule anayeshika nywila kuu ya seva. Yeye anaweza kusoma hifadhidata yote. Kuhamisha kura kutoka kampuni ya mbali kwenda chumba cha fundi wetu ni kuhamisha imani, na imani hiyo lazima iwekewe masharti.

Sharti la kwanza ni kumbukumbu za seva. Apache na Nginx, zikiachwa kama zilivyokuja, huandika anwani ya IP ya kila anayefungua ukurasa, saa aliyofungua na kifaa alichotumia. Mtu anaweza kupiga kura kwa jina la utani na bado akafuatiliwa hadi kwenye simu yake. Kumbukumbu hizo zipunguzwe au zifutwe kila baada ya siku chache, na uamuzi huo uandikwe mahali wanachama wanaweza kuusoma.

Sharti la pili ni barua pepe. Programu inaweza kutuma taarifa kila kura inapoingia. Zikitumwa kupitia akaunti ya bure ya kampuni kubwa ya nje, basi kile tulichokitoa kwa mlango wa mbele kimerudi kwa mlango wa nyuma. Chama kisicho na seva yake ya barua pepe kizime taarifa hizo. Katibu ataingia mwenyewe kuangalia matokeo.

Sharti la tatu ni watu. Nywila kuu isikae kwa mtu mmoja. Wapo mafundi wengi waaminifu, lakini hata mwaminifu huhama kazi, huugua na hufariki. Chama kiwe na watu wawili, na ikiwezekana wa nchi mbili tofauti, wanaoweza kuingia, kusasisha programu na kurejesha nakala ya akiba. Nakala hiyo nayo isimbwe na iwe na siku yake ya kufutwa. Haina maana kufuta kura katika seva huku ikiendelea kuishi katika diski iliyo kwenye droo ya mtu.

Kwa vyama vyenye mambo nyeti zaidi, ipo programu nyingine huria iitwayo Croodle. Hii husimba majibu ndani ya kivinjari cha mpiga kura kabla hayajasafiri. Ufunguo wa kuyafungua umo katika sehemu ya mwisho ya kiungo, ambayo kivinjari hakiipeleki kwa seva. Hivyo anayeshika seva anaona maandishi yasiyosomeka. Kuisimika ni rahisi hata kuliko Framadate, kwa sababu haihitaji hifadhidata ya pekee. Udhaifu wake ni kwamba kiungo ndicho ufunguo. Mwanachama akikibandika katika kundi la watu mia mbili, amewapa wote mia mbili ufunguo.

Tuseme wazi pia kile ambacho programu hizi si. Hazikutengenezwa kwa ajili ya uchaguzi wa viongozi. Mtu anaweza kupiga mara mbili kwa majina mawili, na hakuna atakayeweza kuthibitisha hesabu. Ni za kupanga siku, kupima maoni na kuchagua kati ya mapendekezo. Chama kinachotaka kuchagua mwenyekiti mtandaoni kitafute mfumo uliojengwa kwa kazi hiyo, kama Belenios ya watafiti wa Ufaransa, ambao humwezesha mpiga kura kuhakikisha kuwa kura yake imeingia bila kumwonyesha mwingine alichochagua. Kuchanganya mambo haya mawili ni kuandaa ugomvi.

Kuna hoja moja inayopingana nasi, na hatutaikwepa. Wapo wanaosema kuwa seva ya mbali ni salama zaidi, hasa kwa sababu iko mbali. Taarifa ikikaa Nairobi au Kigali, wanasema, ni rahisi kwa mkono wa dola kuifikia kuliko ikiwa Ulaya. Hoja hii ina uzito, na anayeipuuza hajaripoti mipakani. Seva yetu iko chini ya sheria yetu, kwa mema na kwa mabaya.

Jibu letu ni kwamba umbali peke yake si ulinzi. Kampuni ya mbali nayo ina serikali yake, ina wateja wake wa matangazo, na inaweza kununuliwa kesho na mtu tusiyemjua. Ulinzi wa kweli ni kushika kidogo. Kura ya kupanga siku haihitaji jina la ukoo, namba ya simu wala mahali mtu anapoishi. Jina la kwanza au herufi mbili zinatosha. Kikao kikishafanyika, kura ifutwe wiki hiyo hiyo. Kisichokuwepo hakiwezi kuporwa, kuuzwa wala kuitishwa kwa hati. Anayeendesha seva yake mwenyewe anaweza kuamua hivyo na kuhakikisha imefanyika. Anayetumia huduma ya wengine hubonyeza kitufe cha kufuta na kuomba Mungu.

Hoja ya pili ni ya umeme na mtandao. Ni kweli kwamba chama cha wauza mboga wa Mutukula au Rusumo hakiwezi kuwa na chumba cha seva chenye jenereta, na hatusemi kila kikundi kisimike ya kwake. Tunachosema ni kwamba taasisi zenye uwezo zifanye kazi hii kwa niaba ya wengi. Mitandao ya vyuo vikuu kama KENET ya Kenya na RENU ya Uganda tayari ina vituo vya data na mafundi. Baraza la Vyuo Vikuu vya Afrika Mashariki lipo Kampala. Kamisheni ya Sayansi na Teknolojia ya Afrika Mashariki ipo Kigali. Vyombo hivi viwili vikikubaliana, huduma moja ya kikanda ya kura za mtandaoni, yenye masharti tuliyoyataja, inaweza kuanza bila bajeti ya kutisha.

Faida haitakuwa ya faragha peke yake. Mei 12, 2024, nyaya mbili za baharini zinazotuunganisha na dunia, EASSy na Seacom, zilikatika, na intaneti ikazorota katika nchi zetu kadhaa. Huduma zilizokuwa mbali zilikwama. Mawasiliano ya seva iliyo hapa nyumbani yanaweza kupita katika vituo vya ndani vya kubadilishana, kama KIXP ya Nairobi na UIXP ya Kampala, bila kuzunguka baharini. Si haki mjumbe wa Jinja na mwenzake wa Kisumu washindwe kukubaliana siku ya kukutana kwa sababu waya umekatika chini ya bahari maelfu ya kilomita kutoka kwao.

Kisha kuna lugha. Maneno yote ya kurasa za Framadate yamewekwa katika faili za pekee za tafsiri, ili kila jamii iweze kuweka lugha yake. Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, yenye makao Zanzibar, ilichukue jukumu la kuhakikisha tafsiri ya Kiswahili iliyo safi na inayoeleweka kuanzia Bukavu hadi Lamu. Tafsiri hiyo ieleze saa kwa namna isiyoleta utata. Framadate huchukua saa kama katibu alivyoiandika, kwa hiyo kila kura itaje ni saa za wapi, na ni asubuhi au usiku. Vikao vingi vimeharibika kwa sababu mmoja alisoma saa nne na mwingine akaelewa saa kumi.

Kwa hiyo tunashauri mambo manne. Kwanza, kila chama chenye wanachama katika zaidi ya nchi moja kijiulize kabla ya kura ijayo: majibu yatakaa wapi, nani atayaona, na yatafutwa lini? Kisichoweza kujibu kisitume kiungo. Pili, vyuo na taasisi zenye seva zisimike programu huria ya kura na kuifungua kwa vyama vya kiraia, zikichapisha masharti yake kwa Kiswahili. Tatu, mamlaka za ulinzi wa taarifa za nchi wanachama zikae pamoja na kutoa mwongozo mmoja mfupi kwa vikundi vidogo, kwa kuwa sheria tano zenye mamlaka tano si mzigo wa kumtwisha katibu wa kikundi cha mpakani. Nne, Sekretarieti ya Jumuiya ianze na nyumba yake. Vikao vyake vya kamati na warsha vipangwe kwa chombo kilicho katika seva ya Jumuiya, ili iwe mfano kwa wengine.

Utangamano haujengwi na marais peke yao pale Arusha. Unajengwa na watu wanaoaminiana kiasi cha kuandika majina yao katika ukurasa mmoja ilhali pasi zao za kusafiria ni tofauti. Mwanamke wa Gisenyi anayeweka alama chini ya Alhamisi, karibu na jina la mwenzake wa Goma, amebeba hatari ambayo katibu wake hapaswi kuichukulia kirahisi. Anachostahili kama malipo ya imani hiyo ni kwamba ukurasa ule usimfikie asiyehusika, na kikao kikiisha, ufutwe.